Mwanangu akifika shule wanakalishwa kwenye mkeka nusu saa nzima bila kusoma. Ni elimu au wananichezea ada?

#1 Fundi Dirisha
Wakuu salaam. Naenda moja kwa moja.

Nina kijana wa miaka minne na nusu. Mwaka jana alikua nasari moja huku huku Mbagala, zile ambazo asubuhi wanapangwa mstari juani, wanaimba, wanakaguliwa kucha na leso, wakiingia darasani ni a e i o u kwa sauti mpaka mama muuza mihogo wa ng'ambo ya barabara kashaijua. Mimi nilikua naridhika kwakweli, nasikia hela yangu inafanya kazi. Tatizo mtoto alikua analia kila siku ya Mungu, na sio kulia kwa kudeka, anakumbatia nguzo ya geti mpaka ticha ambandue kidole kimoja kimoja. Miezi mitano.

Januari tukamhamisha. Juzi nimempeleka mwenyewe nikajificha nichungulie (mimi ni fundi wa madirisha ya alumini, kwaiyo kuchungulia ni sehemu ya kazi). Nakuta watoto kama ishirini wamekaa duara kwenye mkeka wa ukili, viatu nje, madamu nae kakaa chini kakunja miguu. Hamna anaepiga kelele. Wanapokezana GUNZI. Gunzi la mahindi, limevalishwa kitambaa cha kitenge kama mdoli. Alieshika gunzi anaongea, wengine kimya. Akimaliza anampa wa pembeni. Kabla ya hapo walifumba macho wakasikiliza nje, kila mtu akasema kasikia nini, mmoja akasema bodaboda, mmoja jogoo, mmoja akasema "baba wa mtu anapumua dirishani", nikainama.

Nilitazama saa. Saa 2 kasoro kumi mpaka saa 2 na 20. Nusu saa, hata herufi moja hakuna.

Sasa cha ajabu, toka aanze hapo wiki ya pili tu kaacha kulia. Anavaa viatu mwenyewe. Wenye uzoefu nisaidieni, kinachomtuliza ni huo mkeka au kuna kitu kingine sikioni? Na hiyo nusu saa si ndo wangekua wanasoma? Mke wangu anasema niache kuchungulia nikafanye kazi.

#2 Chapati Mbili
Taja ada mkuu tujue gunzi linaenda bei gani mjini.

#3 Mzee wa Kahawa
Hamna cha mkeka wala jamvi. Mtoto kakua. Mwaka jana alikua na mitatu na ushee, mwaka huu minne na nusu, unategemea aendelee kukumbatia nguzo mpaka lini? Sisi tumesoma vidudu chini ya mkorosho, asubuhi ni mstarini, usipochomekea unachapwa, na tumefika. Mkiwazoesha mkeka kesho watadai na mto.

#4 Chapati Mbili
> Mzee wa Kahawa: na tumefika

Mmefika wapi mzee? Uko humu saa 4 asubuhi siku ya kazi.

#5 ticha_awali
Habari zenu. Mimi ni mwalimu wa awali shule ya serikali, mwaka wa 11 huu, sitasema wilaya gani. Naomba niongee kidogo mana hii ndo kazi yangu.

Mleta mada, hiyo nusu saa haijaibwa. Mtoto wa miaka minne akitoka nyumbani hajui kama leo itakuaje, baba kamfokea, kapanda daladala kabanwa, kakutana na mbwa. Ukimwambia hapo hapo aandike 1 mpaka 10 ataandika lakini akili yake bado iko kwa yule mbwa. Mimi nilianza duara mwaka wangu wa tatu baada ya kuchoka kupiga kelele, sio kwamba nilisomea sana, nilichoka tu. Nikaacha kusimama mbele nikakaa nao chini. Siku ya kwanza walinishangaa mmoja akaniuliza "mwalimu umeanguka?"

Ila sasa nyie wa watoto 20 mnafaidi. Kiwango cha serikali ni mwalimu mmoja watoto 25 kwa darasa la awali. Darasa langu mwaka huu lina 96. Duara la watoto 96 sio duara tena, ni uwanja wa taifa. Kwaiyo nimewagawa makundi manne, Embe, Nanasi, Papai na Chungwa, kila kundi na mkeka wake au maboksi yaliyofunguliwa, na wanapokezana kizibo cha soda. Mimi nazunguka, leo nakaa na Embe, kesho Nanasi. Yale matatu ambayo sipo naomba watoto wawili wawili wa darasa la nne waje dakika kumi kabla hawajaingia kwao. Kuna siku inakubali kuna siku Papai wanapigana.

#6 Konsonanti
> ticha_awali: Darasa langu mwaka huu lina 96

Hesabu ya haraka: kila mtoto akishika kizibo sekunde 20 tu, 96 mara 20 ni sekunde 1,920, yaani dakika 32. Kwaiyo hata sekunde 20 kwa kila mmoja ni nusu saa ya Fundi Dirisha. Ukigawa kwa makundi manne ni dakika 8. Mwalimu upo sahihi kabisa.

#7 dereva_hiace
Wote mnazunguka. Mimi naendesha gari la shule, mwaka wa sita sasa, na siri naijua mimi. USINGIZI. Mtoto wa kwanza nampakia saa 11 kasoro robo alfajiri mana njia yangu ni ndefu na nikichelewa foleni inanimaliza. Anashuka shuleni saa 1 na nusu. Wote wanalala humu, wanaangukiana mabegani, yupo mmoja analala amesimama kashika kiti cha mbele. Injini ikiwa inanguruma wamelala fofofo, nikizima tu ndo wanaamka, na hapo ndo kilio kinaanza, mmoja akilia wote wanafata. Mimi nimejifunza nikifika siizimi mpaka matroni ashushe wa mwisho.

Sasa mtoto kama huyo ukimkalisha kwenye mkeka kimya kimya nusu saa, anachofanya ni kumalizia usingizi macho wazi. Mleta mada mtoto wako siku hizi anaenda na nini?

#8 Fundi Dirisha
@dereva_hiace umenigusa pabaya. Mwaka jana alikua anapitiwa na gari saa 11 na nusu. Huku kupya ni jirani tunatembea, anaamka saa 1.

#9 dereva_hiace
Kesi imeisha. Nipeni soda yangu.

#10 Nesi wa Zamu
Nakubaliana na dereva kwa sehemu kubwa. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilitoa mwongozo wa watoto chini ya miaka 5, wa miaka 3 na 4 wanatakiwa kulala saa 10 mpaka 13 kwa siku, pamoja na usingizi wa mchana. Mtoto analala saa 3 usiku baada ya tamthilia na mama yake, anaamshwa saa 10 na nusu. Hesabuni wenyewe, saa saba na nusu. Huyo anakwenda shule akiwa na deni, na deni lake anawalipisha walimu.

Ila isiwe kesi imeisha. Mwanangu mimi analala vizuri, shule iko nyuma ya ukuta wetu, na bado alikua analia. Kilichoacha kumliza ni uji. Walikua wanakunywa saa 4, wakahamishia uji ukawa wa kwanza kabisa akifika, basi. Wengi wanatoka nyumbani hawajala kwa sababu saa 12 asubuhi mtoto hana hamu ya kula.

#11 Chapati Mbili
Mpaka sasa tuna umri, mkeka, usingizi na uji. Bado uchawi tu.

#12 Kengele ya Jioni
Usicheke ndugu. Mimi nauliza kwa nia njema, kufumba macho na kusikiliza ni kitu gani? Haya mambo ya kuvuta pumzi na kutulia tulii ni mambo ya yoga yanaingizwa kwa watoto wadogo wakati wazazi tunalipa ada tukijua wanafundishwa kusoma. Asubuhi mtoto aanze kwa sala, imetosha. Gunzi lililovalishwa nguo linapitishwa mkono kwa mkono, mnaona sawa?

#13 Bint Ng'ambo
> Kengele ya Jioni: Gunzi lililovalishwa nguo

Wewe bwana hukuchezea mtoto wa gunzi wewe? Dada zako hawakumbeba mgongoni na kumwosha? Mie huku Unguja nimekua na gunzi langu nalilaza na kanga. Mnatafuta jini kwenye hindi!

Na haya ya kukaa duara sie si mageni. Zilikuwepo zile za Tucheze Tujifunze, TuTu, mwanangu mkubwa ndiko alikoanzia. Watoto wanakaa mkekani katikati pana redio, redio inawaambia inukeni, pigeni makofi, mwambie mwenzako jina lako, na mlezi anaifatisha. Wazazi wengi walikuwa hawana skuli ya maandalizi karibu, basi redio ndiyo ikawa mwalimu. Wakianza walikuwa wakiamkiana kwanza, kila mmoja kwa jina. Mtoto wangu akirudi nyumbani anaiamkia redio yetu na inamnyamazia, analia kweli, anasema redio ya nyumbani haina adabu.

Na kabla ya hapo si tulikuwa na paukwa pakawa? Bibi akisema paukwa hakuna anaeguna tena.

#14 Konsonanti
Bint Ng'ambo nakupa heshima yako ila paukwa ni ya usiku dada. Bibi yangu alikua anatuambia ukisimulia ngano mchana unaota pembe. Kwaiyo ya asubuhi ina asili nyingine.

Na @Kengele ya Jioni hofu yako ina historia. Aliyeanzisha chekechea kama tunavyoijua ni Friedrich Fröbel, Mjerumani, pale Bad Blankenburg mwaka 1837, jina la kindergarten akalitoa 1840. Yeye ndo alipenda sana duara, watoto washikane mikono kabla ya kazi, aliona duara ni alama ya umoja. Mwaka 1851 serikali ya Prussia ikazipiga marufuku chekechea zake ikisema zinafundisha watoto kutoamini Mungu. Marufuku ilikuja kuondolewa 1860, mwenyewe kashafariki. Kwaiyo tangu mwanzo mkeka umekua na kesi.

#15 Kengele ya Jioni
Sasa hapo umenisaidia au umenimaliza? Hata Wajerumani waliona tatizo.

#16 Mzee wa Kahawa
Hiyo ya gunzi ni Montessori, nilisoma mahali. Ya yule mama wa Italia.

#17 Konsonanti
Hapana mzee. Montessori alifungua nyumba yake ya kwanza ya watoto Roma, mtaa wa San Lorenzo, 6 Januari 1907, na kwake mtoto akifika anachukua kazi yake mwenyewe, sio lazima wote wakae pamoja. Alichokua nacho ni mchezo wa ukimya. Inasemwa siku moja aliingia darasani na kichanga cha miezi minne kimelala, akawauliza watoto nani anaweza kutulia kama huyu, wote wakanyamaza. Baadae akawa anaenda chumba cha pili anaita jina la kila mtoto kwa kunong'ona, ukisikia lako unatembea taratibu unamfata bila kugusa kiti. Hiyo ya kufumba macho kusikiliza bodaboda inafanana na hapo. Kupokezana kitu cha kuongelea sio yake.

#18 Mzee wa Kahawa
Nilisoma mahali pabaya basi.

#19 Mama Kisauni
Hamjambo majirani. Niko Mombasa, nilifunza nasari za madrasa miaka mingi kabla ECDE, yaani elimu ya watoto wadogo, haijaenda kwa kaunti. Ule mpango ulianza hapa Mombasa 1986 kwa msaada wa Aga Khan, baada ya viongozi wa Kiislamu kuomba watoto wetu wapate nasari nzuri bila kuacha dini yao. Ukaenda Zanzibar 1990, Uganda 1993. Kwa hivyo ndugu Kengele, sisi duara tuliweka na dua ndani yake na hakuna aliyegombana na mwingine.

Tulichukua mambo ya HighScope, mtaala wa chekechea wa Marekani, tukayafanya ya kwetu. Kuna ubao wa ujumbe, mwalimu anachora tu, haandiki maneno mengi. Leo nani hayuko, chora uso wake na alama. Leo kuna mgeni, chora mgeni. Watoto ndio wanausoma. Nakumbuka asubuhi moja nilichora ndoo imepinduka, mtoto mmoja akaruka: "Maji hakuna!" Na kweli mfereji ulikuwa mkavu tangu jana yake. Kwa hivyo msiseme hakuna kusoma hapo, yule alikuwa anasoma.

Ila kwetu duara halikuwa nusu saa. Likipita robo saa wanaanza kufinyana.

#20 Fundi Dirisha
Asanteni wote, sikutegemea uzi uende hivi. Jana nimemfata madamu nikamuuliza uso kwa uso. Hakunipa nadharia. Kasema yeye asubuhi pale anaangalia: nani macho mekundu, nani kavaa soksi za jana, nani kakataa gunzi wakati kila siku analigombania. Akishawaona hivyo ndo anajua leo aanze na nani. Kwaiyo kama nimemuelewa mkeka ni wa mwalimu zaidi kuliko watoto.

Nikamuuliza mwanangu huwa anasema nini. Kasema wiki mbili za mwanzo alikua analishika tu anampa mwenzie. Wiki ya tatu ndo akaongea, akasema "kuku wetu mwekundu kalala kwenye tenga la nguo chafu." Wakuu, sisi nyumbani tulikua tunamtafuta huyo kuku siku ya tatu, nishamlaumu jirani kimoyomoyo. Nimeenda kuangalia, yupo, kaatamia mayai tisa juu ya overoli yangu. Mtoto kaenda kuwaambia watu wa mkekani kabla ya sisi wenye kuku.

#21 Chapati Mbili
Jirani anasoma huu uzi muda huu.

#22 ticha_awali
Hahaha karibu. Wazazi hamjui tu, sisi tunajua mambo yenu yote. Najua nani kauza friji, nani bibi kaja na hataki kuondoka. Mtoto akishika kizibo hana siri. Ndo mana mwalimu wa awali lazima awe na kifua.

#23 Fundi Dirisha
Mimi nimeambiwa na la pili ila sikutaka kuliandika. Kasema pia "baba analala kwenye kochi."

#24 Chapati Mbili
HAPO SASA. Uzi ulikua wa elimu umehamia ndoa. Mkuu kulikoni?

#25 Fundi Dirisha
Kunguni. Chumbani tulipuliza dawa. Naapa.

#26 dereva_hiace
Hiyo chai haina hata sukari.

#27 Kijiko cha Mti
Naomba niharibu furaha kidogo. Mwanangu duara lilimtesa. Yeye sio muongeaji, na kwao ilikua lazima kila mtoto aseme kitu, asiposema wote wanamsubiri wanamkodolea macho, madamu anasema "tunakusubiri, hatuendelei mpaka useme." Akaanza kutapika asubuhi. Nimehangaika na hospitali, vipimo, malaria hamna, minyoo hamna, typhoid tumetibu ya bure tu. Mpaka dada wa kazi ndo akaniambia mama mbona Jumamosi hatapiki.

Nikaenda shule nikaomba aruhusiwe kupitisha. Walinibishia sana wakasema ndo atakavyojifunza kujiamini. Nilimtoa. Kwaiyo mleta mada sikiliza ulichoandika mwenyewe, wako wiki mbili alikua anashika gunzi anampa mwenzie na hakuna aliemlazimisha. Mimi nafikiri ndo hapo tu, wala sio mkeka wala uji.

#28 ticha_awali
@Kijiko cha Mti pole sana mama. Kusema ukweli mimi pia nilikua nalazimisha miaka ya mwanzo, nilikua nadhani ndo ukakamavu. Nimekaa nimesoma koment yako mara mbili. Kuna mtoto mmoja namkumbuka wa kundi la Papai.

#29 Baridi Kali
Salaam kutoka Leipzig, huku leo nyuzi moja. Nina binti wa miaka mitatu, chekechea za huku wana hiyo kitu inaitwa Morgenkreis, duara la asubuhi, saa 3 kamili. Ukichelewa kwenye ya kwetu mlango unafungwa, unakaa kwenye korido na mtoto wako na makoti ya wenzie mpaka wamalize. Nimekaa hapo mara nyingi kuliko ninavyotaka kukubali, Mswahili ni Mswahili.

Ila mnasahau kitu. Huku kabla mtoto hajafika kwenye duara anazoezwa kwanza. Wana utaratibu wanaita wa Berlin, siku tatu za mwanzo mzazi anakaa darasani na mtoto, haondoki kabisa, anakaa kama kabati. Siku ya nne ndo unaaga unatoka dakika chache tu, wanaangalia mlezi anaweza kumbembeleza akatulia? Akishindwa wanarudi nyuma wanaongeza siku. Mimi ilinichukua wiki tatu na nusu. Kwaiyo swali langu kwa Fundi, mlipomhamisha Januari, siku za mwanzo nani alikua nae?

#30 Mzee wa Kahawa
Wiki tatu na nusu nakaa kama kabati, na mkate wa mchana wataleta Wajerumani? Huku ukimwambia bosi naenda kukaa darasani na mtoto anakwambia ukae huko huko na darasa la kwanza umalizie.

#31 Fundi Dirisha
@Baridi Kali umenikumbusha. Mama yake alikaa nae siku mbili pale chini ya mti nje, alikua likizo. Mwaka jana nilimtupa getini nikakimbia kuwahi saiti. Daah.

#32 Nesi wa Zamu
Kwaiyo mmebadilisha vitu vingi kwa mkupuo mmoja: usingizi, umbali, mama siku mbili, idadi ya watoto, mwalimu, umri. Halafu mnauliza kilichomtuliza ni kipi. Ingekua dawa tungesema mgonjwa kapewa vidonge sita kapona, sasa tumsifu kidonge gani.

#33 Chapati Mbili
Gunzi.

#34 Mlipa Ada
Nyie mnaongea kutulia, mimi niongee ya kweli. Mwakani mtoto anaenda darasa la kwanza shule ya kulipia, kuna intavyuu, hawamuulizi kama ametulia, wanamuuliza asome sentensi na ajumlishe. Nani atamsaidia huyo wa mkeka? Na si mnajua awali ni miaka miwili lazima kisheria, mnaimalizia kwa stori za kuku.

#35 Konsonanti
Miaka miwili ilikua sera ya 1995, watoto wa miaka 5 na 6. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014 ilifanya awali kuwa ya lazima, isiyopungua mwaka mmoja, kwa watoto wa miaka 3 hadi 5. Shule binafsi kukuuzia miaka mitatu ya "beibi", "midi" na "topu" ni mpango wao na mfuko wako.

#36 ticha_awali
Na kuhusu intavyuu, mimi nimepeleka watoto wa serikali kwenye hizo intavyuu wakapita. Mtoto akikaa mkekani anajifunza kusubiri zamu, kusikiliza swali mpaka mwisho, kujibu watu wakimtazama. Wanaofeli wengi hawafeli kwa kutojua, wanafeli kwa kuogopa yule madamu asiyemjua. Lakini sikatai, nusu saa ni ndefu, mimi naungana na Mama Kisauni, robo saa. Saa 2 na robo yangu wanashika vizibo wanahesabu, vile vile vya kuongelea, kwaiyo hakuna kupoteza.

#37 Mlipa Ada
Kupita intavyuu sio kufanya vizuri. Tutaonana darasa la nne kwenye mtihani wa taifa.

#38 Bint Ng'ambo
Huyo Mlipa Ada alifanyiwa intavyuu akiwa tumboni.

#39 Kengele ya Jioni
Nimemuuliza mwalimu wa Jumapili kanisani kwetu. Kumbe na yeye huwakalisha duara kabla ya somo, wanapokezana taa ya tochi. Nimenyamaza kwanza, natafakari. Ya kufumba macho bado siikubali.

#40 Chapati Mbili
Kwenye sala mnafumba macho mkuu.

#41 Kengele ya Jioni
Chapati, nenda kale.

#42 dereva_hiace
Leo nimejaribu. Nimefika shuleni nikazima injini, ila kabla sijafungua mlango nikawaambia tulieni, mnasikia nini? Wakanyamaza wote 14. Mmoja akasema "anko tumbo lako." Ni kweli nilikua sijala. Kilio leo kilikua cha mtoto mmoja tu na alikua kabanwa na mkanda. Sijui kama inahesabika.

#43 Nesi wa Zamu
Siku moja haihesabiki. Endelea mwezi mzima utuletee.

#44 Mzee wa Kahawa
Nesi unataka dereva wa hiace afanye utafiti.

#45 Kijiko cha Mti
Bora yeye, angalau yuko na watoto.

#46 Fundi Dirisha
Wakuu mrejesho, zimepita siku kumi na nane. Ijumaa madamu alialika wazazi, nikavua viatu (soksi moja ina tundu, watoto wameliona wote) nikakaa mkekani. Gunzi likaja likazunguka likanifikia. Nilikua nimejiandaa kusema jina langu na kazi yangu. Nikalishika, ni jepesi ajabu, kitenge kimelainika kwa mikono yao kinanukia karanga. Watoto ishirini wananitazama. Nikashindwa. Nikampa wa pembeni yangu, kabinti kamoja, kakanigonga gonga goti, kakanong'ona "kesho utasema."

Sasa sijui mimi nilikua nimelala saa ngapi, nilikunywa uji au sikunywa. Mtajua wenyewe.

#47 Chapati Mbili
Ungesema unalala kwenye kochi.

#48 Mama Kisauni
Na kuku je? Siku zimefika?

#49 Fundi Dirisha
Leo alfajiri. Wametoka saba, mayai mawili yamegoma. Overoli ndo basi tena. Nilitaka kumpigia madamu simu nimwambie, kijana kanikatalia kabisa, kasema Jumatatu gunzi likifika kwake atasema mwenyewe, na nisichungulie.

#50 dereva_hiace
Hao vifaranga wakikua nitakuja na soda yangu niliyoidai kule juu.